Nani Aliwalisha Waungwana wa Ahaggar?

Tamanrasset

Mji uko kusini mwa Algeria, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Januari asubuhi sweta peke yake haitoshi. Sokoni husikika Kiarabu, Kifaransa, Kihausa na Tamahaq, lugha ya Watuareg wa milima hii ya Ahaggar, na mara nyingine zote nne huingia katika kupatana bei ya fungu moja la vitunguu. Uwele umetoka Niger. Unga wa ngano, mafuta ya kupikia na dizeli vimeshuka kutoka kaskazini kwa malori, kwa barabara ya lami ya karibu kilomita 2,000. Nilimuuliza mzee mmoja muuza tende kama milima hii imewahi kujilisha yenyewe. Alicheka ndani ya kilemba chake. "Mwanangu, sisi chakula chetu huletwa. Zamani kililetwa na ngamia. Kisipoletwa, tulikifuata."

Huko kukifuata ndiko kulikonileta. Sisi wa pwani tunamfahamu Ibn Battuta kwa sababu alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, na sultani wa Kilwa akamwachia kumbukumbu ya mtu mkarimu kupita kiasi. Mwaka 1353 msafiri huyohuyo, akirudi Morocco kutoka Mali, alipita katika milima hii. Wenyeji hakuwapenda hata kidogo. Aliwaona watu waliofunika nyuso, akaandika kwamba hawana jema, na mmoja wa wakubwa wao aliuzuia msafara mpaka akapewa nguo na vitu vingine. Msafara ulinusurika kwa sababu ilikuwa Ramadhani, mwezi ambao hawakuvamia mtu.

Wengi husoma kurasa hizo mbili na kuhitimisha kwamba Kilwa ilikuwa na ustaarabu na Ahaggar ilikuwa na majambazi. Mimi nazisoma tofauti. Ibn Battuta huyohuyo anasema sultani wa Kilwa alizoea kuvamia bara, na sehemu ya ngawira ndiyo iliyogawiwa kwa ukarimu ule aliousifu. Mmoja alimpokea mgeni baada ya kunyang'anya wengine. Mwingine alimnyang'anya mgeni mwenyewe. Mpishi ni yuleyule, meza tu ndizo tofauti.

Abalessa

Karibu kilomita 80 magharibi ya Tamanrasset kuna kilima kidogo chenye magofu ya mawe, na hapo ndipo hadithi yote ya Kel Ahaggar, yaani watu wa Ahaggar, huanzia. Tin Hinan, mwanamke wa ukoo bora, alitoka Tafilalt, kusini mwa Morocco ya leo, amepanda ngamia mweupe, akifuatana na mtumishi wake Takamat. Njiani chakula kiliwaishia. Takamat akaona vichuguu vya sisimizi, akavichimbua na kukusanya nafaka ambazo wadudu wale walikuwa wamejiwekea akiba, akampelekea bibi yake. Wakafika wakiwa hai. Kutoka kwa Tin Hinan walizaliwa Kel Ghela, waungwana wenye haki ya kutawala. Kutoka kwa Takamat walizaliwa Dag Ghali na Ait Loaien, ambao ni raia wao.

Ni hadithi nzuri ya kuhalalisha kodi. Aliyelisha siku ya kwanza, uzao wake ulishe siku zote. Kiongozi wangu mwenyewe ni wa upande wa Takamat, na alinisimulia habari ya sisimizi kwa fahari ambayo mwanzoni sikuielewa. Baadaye nilitambua kwamba yeye anaisikia hadithi hii vingine kabisa: bila bibi yake, kina Takamat wangeishi, bila Takamat, waungwana wasingezaliwa.

Kaburi lenyewe halina adabu mbele ya hadithi. Mwaka 1925 Byron Khun de Prorok, mtu aliyependa kuitwa "Count", alilifukua kwa pupa; mwaka 1933 Maurice Reygasse alirudi kwa utaratibu zaidi. Ndani walikuta mifupa ya mwanamke aliyelazwa juu ya kitanda cha mbao, akiwa na bangili za dhahabu na za fedha mikononi, pamoja na alama ya sarafu ya Kaizari Konstantino. Hiyo inaliweka kaburi katika karne ya 4 au ya 5, miaka zaidi ya mia moja kabla ya Uislamu, wakati masimulizi mengi humfanya Tin Hinan Mwislamu. Nasaba ambazo Kel Ghela wanaweza kuzihesabu jina kwa jina haziendi mbali namna hiyo. Mwanamke yule alikuwa mkubwa wa mahali hapa, hilo bangili zinatosha kulisema. Kama alikuwa bibi wa hawa waliokuja kutawala baadaye ni jambo ambalo waungwana walihitaji zaidi kuliko mifupa ilivyoweza kuwapa. Mifupa sasa iko Algiers, katika jumba la makumbusho la Bardo, na Abalessa imebaki na mawe.

Assekrem

Barabara ya kupanda Assekrem ni ya mawe matupu. Ukifika juu, mita 2,700 hivi, unaona vilele vyeusi vya volkano zilizokufa vimesimama kila upande. Kila mgeni huja hapa kutazama jua likichomoza, nami nililitazama. Lakini nilichokihesabu zaidi ni miti. Katika mabonde kuna migunga, kuna mizeituni mwitu michache, kuna madimbwi kati ya miamba ambayo huhifadhi maji miezi mingi, na baada ya hapo ni kokoto. Mvua inaweza kukosekana mwaka mzima, na mwaka wa pili pia.

Ukiiona nchi hii, mpango wa zamani unaeleweka. Juu walikuwa Ihaggaren, waungwana, ambao hata mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa watu mia chache tu. Walikuwa na ngamia, panga na mikuki, na kazi yao ilikuwa kuvamia, kulinda na kutoza ushuru misafara. Chini yao walikuwa Kel Ulli, yaani watu wa mbuzi, waliokuwa wengi zaidi. Hao ndio waliotoa maziwa, samli, ngozi na nyama. Kila mwaka walipeleka kodi kwa mkuu, na mwungwana aliyekuwa akiwalinda alikuwa na haki ya kufika kambini kwao na kula. Kulikuwa na watumwa, wengi wao waliotekwa kusini, waliochunga na kuteka maji na kutwanga. Kulikuwa na wahunzi, inadan, walioogopwa na kuhitajiwa kwa pamoja. Waungwana na watwana: msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi.

Shirikisho lilikuwa na ngoma tatu. Ettebel ni ngoma kubwa ya mamlaka, kama siwa ilivyokuwa Pate na Lamu, na kundi lililo chini ya ngoma moja huitwa kwa jina hilohilo. Ngoma moja ilikuwa ya Kel Ghela, ya pili ya Taytoq, ya tatu ya Tégehé Mellet, na kila moja ilikuwa na raia wake wa kuilisha. Mkuu wa wote, amenokal, alitoka Kel Ghela. Hakuwa mfalme wa kuamuru. Aliamua magomvi, aliongoza vita kubwa, aligawa malisho, na wakubwa wakimchoka walihamisha mahema yao.

Ukuu huo ulipitia kwa mama. Mtoto wa amenokal hakuwa na haki kwa sababu ya baba yake. Mpwa, mtoto wa dada, ndiye aliyekuwa nayo. Mluguru au Mmakonde hatashangaa kusikia mjomba ana uzito kuliko baba, ila kule Uluguru kinachopita kwa mama ni shamba, na hapa kilichopita ni haki ya kulishwa. El Hadj Ahmed, amenokal wa katikati ya karne ya 19, alikuwa na baba wa Ifoghas, ukoo wa wanavyuoni kutoka Ajjer, milima ya upande wa mashariki. Kwa upande wa baba alikuwa mgeni. Mama yake alikuwa Kel Ghela, na ikatosha.

Huyo El Hadj Ahmed ninamtazama kama mtu aliyefahamu udhaifu wa mpango mzima. Ndiye aliyeleta wakulima kutoka Tidikelt, kaskazini, wakaanza bustani huko Idelès. Walilima ngano na shayiri kwenye ardhi ya waungwana, kwa mkataba wa kubakiwa na fungu moja kati ya matano. Kabla yake, nafaka ya Ahaggar karibu yote ilitoka nje.

Djanet

Mashariki, katika Ajjer, milima ni ya mchanga uliogeuka jiwe, na hali ni nyingine kabisa. Watalii huja kwa ajili ya michoro ya kale ya miambani, iliyoipatia Tassili n'Ajjer nafasi katika Urithi wa Dunia mwaka 1982, na wengine huja wakati wa Ashura kuona Sebiba, ambapo vitongoji viwili vya Djanet, Zelouaz na El Mihan, hushindana kwa ngoma, mavazi na panga. Mimi nilitaka kuona barabara. Kel Ajjer walikaa juu ya njia ya misafara kutoka Ghadames kwenda Ghat, na kutoka Ghat kushuka Aïr na nchi ya Wahausa. Ahaggar ilikuwa na milima na kiu. Ajjer ilikuwa na wateja.

Mapokeo ya pande zote mbili yanasema hapo zamani Ahaggar na Ajjer zilikuwa chini ya masultani wa Imanan, waliokaa upande huu. Katika karne ya 17 Goma, wa mwisho wao mwenye nguvu, aliuawa, na ukoo wa Uraghen ukashika Ajjer. Ahaggar ikajitenga na kuwa na wakuu wake. Mtu akitaka kujua shirikisho la Ahaggar lilizaliwaje, nadhani lilizaliwa hapo: katika kukataa kupeleka kodi mashariki, zaidi ya katika kaburi la Abalessa.

Jirani aliyekaa penye ushuru na jirani aliyekaa penye njaa hawapatani muda mrefu. Katika miaka ya 1870 walipigana vita vilivyodumu kwa miaka, na Ajjer wakawategemea Waturuki wa Osmani, waliokuja kuweka askari Ghat. Tofauti ya tabia aliiona mapema Henri Duveyrier, kijana Mfaransa aliyefika Ajjer mwanzoni mwa miaka ya 1860 chini ya ulinzi wa Ikhenukhen, mkuu wa Uraghen. Kitabu chake cha 1864 kiliwafanya Watuareg wote waonekane mashujaa wastaarabu wa jangwani. Alikuwa ameishi na wenye barabara, watu ambao mgeni salama kwao ni mtaji. Wafaransa walikisoma wakadhani wanasoma habari za Ahaggar.

Tit

Kijiji kidogo kando ya barabara, karibu na Tamanrasset. Dereva alipunguza mwendo bila kuombwa.

Mwaka 1881 Kanali Paul Flatters alikuwa akipima njia ya reli ya kuvuka Sahara, wazo ambalo Paris lilionekana jepesi. Tarehe 16 Februari, kwenye kisima kaskazini mwa milima hii, Kel Ahaggar na washirika wao walimwua pamoja na sehemu kubwa ya kundi lake. Walionusurika walirudi kwa miguu kuelekea Ouargla. Njiani waliuziwa tende zilizotiwa sumu ya mmea wa kichaa, wakaanza kuuana na hatimaye kulana. Reli haikujengwa. Kwa miaka ishirini Ahaggar ilibaki peke yake, na waungwana wakaamini milima ndiyo iliyowalinda.

Milima haikuwalinda. Tarehe 7 Mei 1902, hapa Tit, Luteni Cottenest alikuja na wapanda ngamia wasiozidi 150, karibu wote Waarabu wa Tidikelt ambao wenyewe walikuwa wamechoka kuvamiwa na Ahaggar. Watuareg, wapatao 300, waliwashambulia. Wenye bunduki walikuwa wamekaa juu ya mwinuko. Zaidi ya 90 kati ya Watuareg walikufa. Upande wa pili waliokufa ni wachache wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Vitabu vya Wafaransa huandika ushindi wa Ufaransa. Mimi naona pia watu wa In Salah, mji wa Tidikelt, na vijiji vyake wakirudisha deni.

Waliopoteza zaidi siku ile si waungwana peke yao. Kel Ulli nao walipigana, wakafa, na waliporudi makambini waligundua kwamba yule aliyekula kwao kwa kisingizio cha kuwalinda hawezi tena kuwalinda. Moussa ag Amastan, mtu mcha Mungu na mwenye hesabu kali, aliliona hilo kuliko Attici, mpinzani wake katika kugombea ukuu. Mwaka 1904 alikwenda In Salah kufanya amani, Wafaransa wakamtambua kuwa amenokal, na mwaka 1910 wakamtembeza Ufaransa. Alipata kuongezewa cheo na kupoteza kazi yake. Uvamizi ulikoma, na kwa hiyo ngamia wa waungwana hawakuwa na shughuli. Wenye shughuli sasa walikuwa Kel Ulli, waliokuwa wameanza kuchimba chumvi ya Amadror na kuipeleka Damergou, Niger, kubadilishana na uwele. Chumvi ile, na si mapanga, ndiyo iliyoifikisha Ahaggar katikati ya karne ya 20.

Agadez

Haya ni maandishi ya safari ya awali. Nayaweka hapa kwa sababu bila Aïr, milima ya Watuareg wa kusini, katika Niger, hesabu haikamiliki.

Aïr hupata mvua za kiangazi. Siyo nyingi, lakini mabonde yake yana mitende, vitunguu, viazi, na visima vinavyovutwa na ng'ombe au ngamia. Kel Ewey na wenzao walikuwa na misafara ya chumvi ya Bilma, na walikuwa na kitu ambacho Ahaggar haikuwahi kuwa nacho: mji. Mnara wa msikiti wa Agadez, wa udongo na miti, una urefu wa mita 27. Ndani ya mji huo, tangu karne ya 15, kuna sultani ambaye mapokeo yanasema alitafutwa mbali, hata Istanbul, kwa kuwa hakuna kabila lililokubali kutawaliwa na jirani yake. Wenye nguvu walibaki na wakuu wao. Sultani aliwasikiliza na kupatanisha. Ahaggar walichagua mkubwa kutoka miongoni mwao na kugombana naye. Aïr walimleta asiye na jamaa, wakamgombania.

Tofauti ya milima hiyo miwili ilionekana wazi Desemba 1916. Tarehe 1, huko Tamanrasset, Charles de Foucauld, mtawa aliyekuwa ameishi hapo tangu 1905 na kuandika kamusi kubwa ya lugha ya wenyeji, aliuawa na kundi lenye uhusiano na Wasanusi, tarika ya Kiislamu ya Libya iliyokuwa ikipigana na Wafaransa. Moussa ag Amastan alikuwa mbali kusini na mifugo, na baada ya kupima upepo alibaki upande wa Ufaransa. Katikati ya mwezi huohuo Kaocen, Mtuareg wa Aïr, naye akiwa na Wasanusi, aliizingira ngome ya Wafaransa Agadez, na Aïr ikaamka pamoja naye. Mzingiro ulidumu hadi Machi 1917. Kisasi kilikuwa kikali: wanavyuoni waliuawa mjini, mabonde yakahamishwa watu wake kusini, bustani zikafa. Kaocen alinyongwa Murzuq mwaka 1919.

Nilipomaliza kuandika hayo niliwasikia watu wa Agadez wakimlaumu Moussa kana kwamba ni jirani wa juzi. Mimi simlaumu. Aïr ingeweza kuasi kwa sababu ilikuwa na akiba ghalani. Mtu ambaye uwele wake uko Damergou, na malisho yake ya mwaka wa ukame yako Tamesna, nchi ambayo Wafaransa walikuwa wamemruhusu kuitumia, anaasi kwa tumbo gani?

Idelès

Bustani za El Hadj Ahmed bado zipo, ila za wengine. Algeria ilipopata uhuru mwaka 1962 watumwa waliachwa huru na mkataba wa fungu moja kati ya matano ukafutwa. Ardhi ikatangazwa kuwa ya anayeilima. Wajukuu wa wale waliotoka Tidikelt wakawa wenye mali. Watoto wa Kel Ulli walikwishaanza kupokea mishahara mahali pasipopendeza kukumbukwa: In Ekker, kaskazini, ambako Ufaransa ilifanya majaribio 13 ya bomu la nyuklia ndani ya mlima kati ya 1961 na 1966. Tarehe 1 Mei 1962 mlima ulishindwa kulizuia moja, na wingu lenye mionzi likatoka. Nilipopita hapo kiongozi wangu hakusimamisha gari, na sikumwomba asimame.

Amenokal wa mwisho mwenye uzito, Bey ag Akhamouk, alipewa kiti cha makamu wa rais wa Bunge huko Algiers. Ni njia ya kistaarabu ya kumwondoa mtu kwake. Alifariki 1975. Cheo kiligombaniwa na jamaa baadaye, lakini hakuna ambaye angemfuata Mkel Ulli kambini kudai samli, na hakuna kambi nyingi za kufuatwa.

Mkulima wa Idelès aliyenipa chai alikuwa na malalamiko ya aina nyingine. Mifereji ya chini ya ardhi iliyochimbwa na babu zake imekauka tangu mashine za kuvuta maji zilipozidi, na watoto wake wako Tamanrasset. Huko mjini, tangu mwaka 2011, bomba lenye urefu wa karibu kilomita 750 hupeleka maji kutoka In Salah, katika Tidikelt ileile iliyotoa wakulima wa El Hadj Ahmed na askari wa Cottenest. Milima iliyokuwa mnara wa maji wa jangwa sasa hunyweshwa na tambarare. Mapema 2015 watu wa In Salah walijaa barabarani siku nyingi kupinga mpango wa kupasua miamba ya chini ili kutoa gesi, wakihofia maji hayo yatachafuka. Nilimuuliza mkulima kama Tamanrasset nao waliandamana. "Wachache," alisema, akaongeza sukari katika birika. "Wengine walingoja kuona bomba litafungwa au la."